Jina Lililotajwa Kila Ijumaa

Siku ya Alhamisi, katikati ya mwezi wa nane, asubuhi, tulimpoteza Mama Muombezi. Mtaa wetu ulipoteza mtu wa kuuombea. Mimi nilipoteza mtu pekee ambaye niliweza kumkasirikia Mungu mbele yake bila kuambiwa ninyamaze.

Pale kaburini mchungaji alisoma jina lake kamili, na wengi wetu tulitazamana, maana hatukulijua. Kwetu alikuwa Mama Muombezi tu. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo ataandika mwingine. Mimi nitaandika niliyoyaona na kuyasikia, kwa sababu kati ya ua wake na wangu hapakuwa na kitu ila uzio wa matete, na matete hayazuii sauti.

Alikuwa mrefu, mwenye mifupa mikubwa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Aliomba akiwa amesimama. Kwanza alivua sandali, akaziweka pembeni zikiangalia mlango. Kisha aliweka mikono nyuma ya mgongo, kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele ya darasa. Hakufumba macho.

Siku moja mgeni alimuuliza, "Mama, mbona unaomba macho wazi?"

"Nikifunga macho, nitajua namna gani nani anatoroka?"

Wanawake wa Ijumaa walicheka mpaka maombi yakachelewa. Tuliitwa hivyo, wanawake wa Ijumaa, kwa sababu siku hiyo, baada ya soko la asubuhi, tulikusanyika uani kwake. Alitaja majina yote kwa kichwa: wagonjwa, wasafiri, vijana waliokwenda kusoma Kisangani, watu wasiojulikana walipo. Hakubadilisha mpangilio. Jina jipya liliingia mwishoni, na jina likiondoka, yale ya nyuma yalisogea mbele. Ukisikiliza kwa miaka mingi ulijua kila mtu anakaa wapi katika maombi, kama vile unavyojua kila mtu anakaa wapi kanisani.

Tena hakukubali kila ombi. Hilo liliwashangaza wageni, maana katika mji huu waombezi ni wengi na kazi yao ni kukubali. Muuza pombe ya mandro wa nyumba ya pili alikuja siku moja akilia, akasema dada yake amemfungia mlango tangu ugomvi wa shamba.

"Mama, umuombee, Mungu amugeuze roho."

"Ulienda kwake?"

"Mama! Yeye njo mukubwa. Yeye njo anapaswa kuja."

"Kwa hiyo Mungu aende pahali pako. Miguu yake ni mizuri kupita yako?"

"Sikusema vile."

"Enda kwanza. Akikufukuza, urudi hapa, tutaomba. Kama hajakufukuza, usirudi, uko unatusumbua bure."

Muuza mandro alitoka akinung'unika kwamba huyu si muombezi, ni askari jandarme. Hakurudi, na baadaye tuliona dada yake amekaa kwenye benchi lake, anakunywa bila kulipa.

Mama Muombezi alikuwa na usemi wake: "Mungu anaweza yote, lakini hashiki mutu mukono." Alimaanisha kwamba Mungu hamlazimishi mtu, wala kwa jema wala kwa baya. Alisema hivyo kwa wachumba, kwa walevi, kwa mapadri na wachungaji. Lakini yeye mwenyewe alishika watu mikono tangu asubuhi hadi jioni. Alimfundisha mke wa mwanawe namna ya kukoroga fufu akiwa ameshika mwiko pamoja naye. Aliamua nani aolewe na nani, nani apande maharagi na nani apande mahindi. Kijana wake mkubwa alihamia Mahagi, na kabla ya kupanda gari alisema mbele yetu sote: "Mama, Mungu mwenyewe iko ananiacha nichague. Weye hapana."

Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, mara nyingi, na kila mara alicheka alipofika kwenye neno la mwisho. Kisha alitafuta kazi ya kufanya kwa mikono.

Jino lilipomuuma, aliomba wiki nzima huku shavu limevimba kama embe. Tulimwambia aende santre ya afya, akasema anangoja. Muuza mandro akasimama kwenye uzio, akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, na weye ulienda kwa munganga kwanza?" Mama alitufukuza wote. Mchana ule ule tulimwona anapita na kitambaa kichwani kuelekea santre, anapita njia ya nyuma.

Watu waliomjua kwa mbali walidhani hakuwa mwoga. Mimi nilikuwa karibu naye siku ile risasi za watu wa msituni zilipolia upande wa juu wa mji, saa za alasiri. Tulikimbilia kiwanja cha kanisa, tukajazana ndani na watoto na mabunda ya nguo. Kila mlio ulipokaribia, watu waliinama pamoja, kama majani. Mwenye duka wa kona, mtu mpole siku zote, alipanda juu ya benchi.

"Mama Muombezi! Omba Mungu abapige! Abapige bote sasa hivi!"

Na wengine wakaitika, "Ndiyo! Abapige!"

Alivua sandali. Aliweka mikono nyuma. Nilikuwa nimemshika mkono Furaha, binti yangu, na bega langu liligusa la Mama. Nilisikia anatetemeka mwili mzima.

"Bwana," akasema, "kubapiga ni rahisi kwako. Unaweza hata kabla sijamaliza kusema. Lakini ni bana ya watu, wanatokea mahali, kuna mama anabangoja. Uguse mioyo yao bachoke na hii kazi. Na siye utuache tukae wazima."

"Unabaombea!" mwenye duka akapiga kelele. "Banatuua, na unabaombea!"

Mtu mwingine alimtukana. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Tulikaa mle mpaka milio ikahama, na hakuna aliyeongea naye. Tulipotoka nilimbebea sandali. Akaniambia sikioni: "Mama Furaha, niliogopa sana. Maneno yote ingine yalitoka kichwani. Haya tu njo yalibaki." Sikujua kama ananiambia jambo kubwa au dogo. Hata sasa sijui.

Sasa nitaandika habari ya mume wangu.

Papa Furaha alikuwa na ng'ombe kwa ndugu yake upande wa Gety. Wakati wa kiangazi cha mwaka juzi tulisikia wanyama wanachukuliwa na watu wa msituni, akaamua kwenda kuwasogeza karibu. Katika mtaa wetu palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeianzisha: anayesafiri njia mbaya alipita kwa Mama Muombezi. Walipita wenye pikipiki, wauza samaki, hata madereva wa malori. Aliweka mkono juu ya kichwa au juu ya tanki la petroli, aliomba, wakaondoka. Ilifika mahali watu wakaona kwamba mkono ule ni karatasi ya kupitia barieri za askari. Yeye hakupenda hivyo, na alisema hapendi, lakini watu hawakuacha, na yeye hakuacha kuweka mkono.

Asubuhi ile nilimsindikiza mume wangu mpaka uani kwake. Injini ilikuwa inawaka. Wanawake wanne watano walikuwa wanachambua maharagi.

"Bwana asifiwe, Mama. Niombee, niko naenda Gety."

"Amina. Hauendi."

Akacheka. "Mama, naenda."

"Njia haiko muzuri. Batu banatoka Bogoro tangu jana banasema vile. Ng'ombe zitakufa ao zitapona. Weye ubaki."

"Mama, si weye njo unasemaka Mungu anaweza yote?"

"Anaweza. Na weye unaweza kubaki."

Wanawake walicheka, na mume wangu alicheka zaidi yao. Alipenda mtu anayemjibu. Lakini Mama Muombezi hakucheka. Alisimama na mikono nyuma, sandali miguuni. Mume wangu alisubiri. Alizima injini, akaiwasha tena. Akasema petroli inaisha, Mama, tafadhali. Nilitazama miguu ya yule mwanamke. Nilikuwa nafikiri: asipovua sandali, huyu ataona haya, atageuza pikipiki.

Akavua.

Aliweka mkono juu ya kichwa chake. "Bwana, huyu amesikia na amekataa. Bado ni wako. Umufuate kule anaenda." Basi. Hakuongeza kitu.

"Amina," mume wangu akasema. Akanigeukia: "Mama Furaha, uniwekee sombe ya kula jioni." Akaondoka.

Jioni simu yake haikuita. Kesho yake watu walikuta pikipiki imelala kando ya njia, mbele kidogo ya Bogoro, na ufunguo ndani. Yeye hakuwapo. Damu haikuwapo. Shemeji yangu, mdogo wake, alienda mpaka pale na wanaume wengine, wakatafuta majanini na kuuliza kila mtu. Alirudi na pikipiki, sauti imekauka kwa kuita.

Mtaani watu waligawanyika. Wengine walisema maombi ya Mama Muombezi yamekwisha nguvu. Wengine walisema yeye ndiye aliyemfunga mume wangu kwa lile neno "amekataa," kwamba muombezi akikushtaki kwa Mungu, Mungu anakuacha. Wasafiri waliacha kupita kwake. Wanawake wa Ijumaa walipungua mpaka wakatosha benchi moja.

Mimi pia niliacha kwenda. Lakini kila Ijumaa nilichukua ungo wangu, nikakaa karibu na uzio, nikipepeta kitu, hata kama hakukuwa na kitu cha kupepeta. Nilingoja jina. Alilitaja baada ya mama mwenye ugonjwa wa figo na kabla ya vijana wawili wa Kisangani. Likishatajwa, niliinuka.

Siku moja niliona siwezi tena. Nilizunguka uzio, nikaingia wakati wanaomba, nikamkatiza.

"Unamuomba Mungu afanye nini? Aliyemukamata mume wangu iko na mikono yake. Weye njo ulisema Mungu hashiki mutu mukono."

Wanawake waliinamisha vichwa. Yeye aliniangalia.

"Ninamuomba amukumbushe ule mutu mama yake."

"Na akikataa?"

"Anaweza kukataa. Jana pengine alikataa. Njo maana ninaomba tena leo, kwa kuwa leo anaweza kuchagua ingine."

Nilirudi nyumbani. Sikufarijika. Lakini nililala usingizi usiku ule, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Mwaka huu Furaha alipata mchumba, kijana wa familia ya Marabo, mtu wa kazi na heshima. Hapo ndipo shida ilipoanza upya. Kwetu, ng'ombe za mahari ya binti zinapokelewa na baba yake. Baba akifa, baba mdogo anasimama mahali pake. Lakini baba akiwa safarini, ng'ombe zinangoja arudi. Atakayezipokea amemzika ndugu yake akiwa hai. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema jambo ni jepesi: tuweke matanga. Ila mke ndiye anayepaswa kulitamka, mbele yao, kwa kinywa chake, kwamba mumewe amekufa. Bila neno hilo hakuna matanga, na bila matanga hakuna ng'ombe.

Na kanisani kwetu hatuombei wafu. Neno likitoka, jina lingetoka katika maombi ya Ijumaa. Neno moja lingempa Furaha nyumba yake, na lingemnyamazisha mtu pekee ambaye bado alikuwa akimtaja baba yake mbele za Mungu.

Shemeji alikuja mara nyingi. Alianza kwa upole, akaishia kwa ukali.

"Mama Furaha, mutoto atazeeka hapa. Watu ya Marabo bamechoka."

"Nimesikia."

"Unasikia kila siku! Sema, tumalize."

"Weye ulimuona amekufa?"

"Sikumuona."

"Basi na mi sikumuona."

Alipiga uzio teke, akaondoka. Furaha alikuwa jikoni. Alisugua sufuria ambazo alikwisha kuzisugua.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane Mama Muombezi alivimba miguu, akawa hawezi kusimama. Aliomba akiwa amelala, na nilitambua kwamba sauti yake ilikuwa imebaki ile ile ndogo. Furaha alikwenda kumpikia kila siku. Jumamosi moja, saa za mchana, wazee walikuwa wamekuja kwangu, na wajumbe wa Marabo walikuwa njiani kuja kuchukua jibu la mwisho. Niliwaacha wazee wamekaa, nikazunguka uzio.

Alikuwa amelala kwenye godoro uani, juani. Aliuona uso wangu, akaniambia nikae.

"Mama, unambie. Amekufa ao iko muzima?"

"Mi si Mungu."

"Unaongea na yeye kila siku."

"Ninaongea. Juu ya hiyo hajanijibu."

Hasira ilinipanda. "Mungu angeweza kutoboa pneu ya ile pikipiki. Pneu tu, Mama! Hangeshika mutu mukono. Msumari mumoja njiani, na mume wangu angerudi kwa miguu, anatukana, na angekuwa hapa."

"Nilimwambia vile," akasema. "Msumari. Nilimwambia hata juu ya mvua. Nimemwambia mara mingi."

"Akasema nini?"

"Hakusema."

Jikoni kwake nilisikia Furaha anavunja kuni.

"Ile siku," akasema, "nilitaka kukataa, sandali zibaki miguuni. Nikaona ataenda tu, na ataenda peke yake. Nikamuombea. Sijui kama nilifanya muzuri. Ningekataa, pengine angebaki. Hiyo naendaka nayo."

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba nami nilikuwa nimeitazama miguu yake, lakini sikusema.

"Sasa unaomba ya nini, Mama? Kama hajibu, na watu banakataa?"

Aliweka kiganja juu ya macho kuzuia jua.

"Nikinyamaza, nitabaki na ile hasira yangu, sisi wawili tu ndani ya nyumba. Mi najijua, ningekuwa mutu mubaya. Nikiomba, niko na mwenye naweza kugombana naye." Akapumua. "Na wao, wale wa msituni, nikiacha kuwaombea nitaanza kuona si batu."

"Nikisema neno, utaacha kumutaja?"

"Nitaacha. Sitadanganya Mungu."

"Basi unishauri."

Aligeuza kichwa. Mwanamke yule ambaye alikuwa ameamua hata nani apande mahindi alinitazama, nikaona neno linafika mdomoni mwake, naye akalizuia kwa kuuma midomo. Ilimgharimu.

"Hiyo ni yako," akasema.

Hapo shemeji aliingia kwa haraka, kofia kichwani, jasho usoni. "Wajumbe bamefika barabarani. Wazee bananiuliza umeenda wapi. Mama Furaha, leo utasema nini? Utanitia tena haya?"

Nilisimama. Nilifikiria mume wangu, si kama alivyoondoka, bali kama alivyokuwa akila: akikunja mikono ya shati kwanza. Nilijua kwamba hakuna aliyenisukuma. Ningeweza kusema hapana, na ningeishi na hapana hiyo hadi mwisho. Mungu pia alinyamaza. Nilimngoja kidogo, naandika hivyo kwa sababu nilimngoja kweli.

"Amekufa," nikasema.

Shemeji akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Kisha akakaa chini mavumbini mbele ya godoro, akalia kwa sauti kubwa, mtu mzima, kama alivyoita majanini siku ile, tusipokuwapo kumsikia.

"Mi nilijua utakataa," akasema. "Kila siku unakataa. Nilikuja kwa kuwa nilijua utakataa, na ndugu yangu atabaki muzima."

Mama Muombezi alinyoosha mkono wake mrefu, akaufikisha begani kwake, akauacha pale. Hakuomba. Furaha alitoka jikoni, akatutazama mmoja mmoja. Aliingia tena, akarudi na beseni la maji, akapiga magoti, akamshikia baba yake mdogo beseni mpaka akanawa uso.